Nyaya za Nyumba ya Ngagara

Naikumbuka siku tuliyopewa funguo za nyumba hii, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, hapa Ngagara, Bujumbura, mtaa tunaouita kartie ya tano. Wewe ulikuwa tumboni, una miezi saba, unanipiga mateke kila nikiinama. Baba yako Yusufu alikuwa anapita chumba hadi chumba akifungua madirisha, kana kwamba alitaka kuhakikisha kuwa hata hewa ya humu ndani ni yetu. Mimi nilisimama kwenye korido, nikiwasha na kuzima taa.

Nilizipenda mno swichi zile. Zilikuwa nyeusi, za duara, za tangu wakati wa Wabelgiji, na ukizizungusha zilitoa mlio mfupi kama wa mtu anayegonga ulimi kwa masikitiko. Nilijiambia kwamba kitu kilichotengenezwa hivyo hakiharibiki. Angalia jinsi mtu aliyesoma anavyoweza kudanganywa na sauti.

Mimi si mzee, mwanangu. Bado nabishana na redio. Lakini nasaha nyingi nilizopewa na wakubwa zilinifikia zimekwisha kupoa, msemaji mwenyewe amesahau jinsi lilivyomuunguza lile jambo analolisema. Nimeona nikuandikie hili mapema, nikiwa bado naona aibu. Utalisoma siku utakaposhika funguo za nyumba yako.

Tulikuwa tumebakiwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu: kupaka rangi na kuweka geti jipya, au kushughulikia umeme. Ndipo baba yako akamwita Mzee Kasimu kutoka Buyenzi, fundi wa umeme aliyekuwa rafiki wa marehemu babu yako, baba yangu mimi. Alikuja na begi la ngozi lililochakaa na kofia yake ya kusalia. Akatazama sanduku la fyuzi pale karibu na mlango. Akalegeza kifuniko cha swichi moja, akachungulia, akakirudisha. Hakuchukua hata robo saa.

"Binti," akaniambia, "hizi nyaya zimechoka. Nyumba yote mutoe, muweke mpya, kabla mutoto hajafika."

"Umejuaje, baba Kasimu? Hujabomoa hata ukuta mmoja."

"Nimeona ncha zake. Nyaya ziko mbili tu. Ya tatu, ile ya kushuka ardhini, haiko. Halafu nguo yake ni ya mpira na kitambaa. Mpira wa miaka yote hiyo unakuwa kama biskuti."

"Unakuwa, au umekuwa?"

Baba yako akanikanyaga mguu. Nikauondoa.

"Mi nauliza tu," nikasema. "Mwalimu aliyetuuzia ameishi humu miaka thelathini. Hakuungua. Huo si ushahidi?"

Mzee Kasimu akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Ee, madamu wa iniversite! Yule mwalimu mke wake alifariki, watoto wake waliondoka. Alikuwa na nini humu? Taa mbili na redio. We utakuwa na nini?"

Nikaizungusha swichi ya korido, ikatoa mlio wake.

"Bon," akasema. "Tufanye hivi. Siku umeme ukiwa muzuri, washeni vitu vyote mutakavyotumia, kwa pamoja. Muviache vifanye kazi muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Halafu mi nije nipite ukutani." Akauweka mgongo wa mkono wake ukutani, taratibu, kama unavyopima homa kwenye paji la uso wa mtoto.

"Kwa nini mgongo wa mkono?" nikamwuliza. Sikuwa naweza kujizuia.

"Sababu umeme ukikupiga ndani ya kiganja, vidole vinajikunja, vinang'ang'ania. Ukikupiga mugongoni, mukono unaruka wenyewe."

Lile ndilo jibu pekee nililoliamini siku hiyo. Nilimpa maji ya kunywa, nikamsindikiza hadi njiani, nikamwambia tutampigia simu. Alipopinda kona nikamwambia baba yako, "Huyu anatafuta kazi tu."

Nimtetee kidogo mama yako hapa. Mimi nimekulia Buyenzi, katikati ya magereji. Tangu mdogo niliona magari yakiletwa kwa ajili ya honi na kuondoka yamefunguliwa injini. Niliona kipuri kizima kikitolewa na kingine kilichochoka kikiwekwa, huku mwenye gari akinyweshwa soda. Mtoto aliyeona hayo hawezi kumwamini fundi kwa sababu tu ni mzee na anaswali. Shaka yangu ilikuwa na sababu. Kosa langu ni kwamba yule mzee alinipa njia ya kuimaliza shaka hiyo kwa saa moja, bila kuvunja kitu, bila kununua kitu, nami sikuitumia. Nilikuwa nimeipenda shaka yangu, sikutaka iishe.

Tukapaka rangi. Tukaweka geti la bluu.

Wiki ya pili baada ya kuhamia, fyuzi zikaanza kukata. Unajua jinsi umeme wa Bujumbura ulivyo. Unaondoka asubuhi, unarudi alasiri, na ukirudi mtaa mzima unapiga kelele za furaha, halafu kila mtu anakimbia kufanya kila kitu kabla haujaondoka tena. Huyu anachomeka pasi, huyu anachemsha maji ya chupa zote za chai, huyu simu tatu, huyu friji. Hata sisi tulikuwa hivyo. Umeme ukirudi, tunachomeka vyote, na baada ya dakika chache, kimya. Chumbani na koridoni giza, jikoni taa inawaka.

Mara ya kwanza baba yako alinunua waya mwembamba wa fyuzi, akaufunga kwenye kipande cha kauri kinachoshika fyuzi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alikuwa kazini, nami nilikuwa napiga pasi nguo zako ndogo. Zilikuwa zimeanikwa uani, na kwetu nguo ya mtoto iliyoanikwa nje haivaliwi bila kupigwa pasi, kwa ajili ya nzi anayetaga mayai kwenye kitambaa. Pasi ikapoa mkononi mwangu. Nikaghadhibika. Nikazima swichi kuu, nikakichomoa kile kipande cha kauri, nikakitazama. Kiwaya kilichokuwa ndani chembamba kama unywele, kimekatika katikati. Nikajiambia: tatizo ni hili, kiwaya ni dhaifu. Nikachukua kipande cha waya wa shaba uliobaki fundi alipoweka kengele ya geti, nikausokota mara tatu, nikaufunga kwa nguvu.

Fyuzi haikukata tena.

Jioni nilimwonyesha baba yako kwa fahari. "Unaona? Wiki tatu mnanunua viwaya. Mimi nimefikiri dakika tano."

Akasema, "Sada, una uhakika?"

Nikamjibu, "Kama kungekuwa na tatizo, ingekata."

Nataka uyasome maneno yale tena, mwanangu, polepole. Nilikuwa nimekiondoa kitu chenye kazi ya kukata, kisha nikatoa ushahidi kwamba hakikati. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwasahihishia wenzangu hoja zao chuoni.

Ukazaliwa salama, alhamdulillahi. Bibi yako akaja kutoka Buyenzi na sanduku lake, kukaa nami siku zote arobaini. Alikuja na sheria. Nisitoke nje ya geti. Nisisimame mlangoni jua linapozama. Nisile baridi. Na asubuhi na jioni nikandwe kwa maji ya moto, tumbo, kiuno, mgongo, mpaka ngozi iwe nyekundu. Nilimwuliza, "Mama, haya maji ya moto yanafanya nini hasa?" Akasema, "Yanakunyamazisha. Geuka."

Kukandwa kunahitaji sufuria mbili kubwa za maji, mara mbili kwa siku. Mama alitaka kuweka mbabula, lile jiko la makaa, koridoni, awashe moto, kama alivyokandwa yeye na mama yake. Nilikataa. Moshi ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga! Nikamwambia atumie resho, lile jiko dogo la umeme. Jikoni kwetu ni kule nyuma, unavuka ua, na ilikuwa msimu wa mvua, basi resho tukaiweka koridoni, tukaichomeka ukutani pale. Kando yake tukachomeka pasi ya nguo zako. Upande wa pili wa ukuta huohuo ndipo palipokuwa na kitanda chako.

Siku kama ya kumi na nane hivi, mama akasimama koridoni na taulo mkononi, akanusa.

"Nani anakaanga ndagala?"

"Jirani," nikasema.

Ungekuwa wewe ungesemaje? Hapa ziwa liko karibu na kila nyumba inapika samaki. Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwetu ni kama kelele za watoto mtaani, mtu hasimami kuuliza imetoka wapi. Jirani yetu, Mama Devota, ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, na jiko lake liko nyuma ya ukuta wa ua wetu. Kesho yake harufu ikaja tena, wakati uleule wa kuchemsha maji. Keshokutwa tena.

"Huyu mama anapenda ndagala," akasema bibi yako.

"Watu wa Uvira," nikasema, nikacheka.

Sikuuliza. Mimi ninayeuliza kila kitu. Nilimwuliza imamu kwa nini hivi, nilimwuliza daktari kwa nini vile, mpaka mkunga aliniambia, "Madamu, sukuma kwanza, utauliza baadaye." Lakini harufu ile niliipa maelezo siku ya kwanza, na kwa kuwa maelezo yalikuwa yangu mwenyewe, sikuyagusa tena.

Siku ya ishirini na mbili, alasiri, umeme ulirudi na mama akaweka sufuria. Baadaye kidogo geti likagongwa. Ni Mama Devota, amekuja kukuona kama majirani wa hapa wanavyokuja kwa mzazi, na kikapu cha unga wa uji na mtungi wa maziwa kichwani. Akakaa kwenye mkeka, akakuchukua, akakusifu pua, akasema umefanana na baba yako, maskini. Tukacheka. Kisha akainua uso, akanusa.

"Ninyi watu wa hapa munapenda ndagala," akasema. "Kila siku saa hizi! Mi nasikia harufu nasema, ile nyumba ya muzazi wanakula vizuri."

Mama akamtazama. "Sisi? Si wewe unayekaanga?"

"Mimi? Apana, dada. Mi sijapika samaki toka juma lililopita. Mume wangu tumbo limekataa."

Nilisikia sufuria ikichemka koridoni, na nikakuona mikononi mwa mgeni, na kitanda chako kitupu kule chumbani, mahali ulipokuwa umelala nusu saa kabla.

Nikainuka. Mama akasema, "Taratibu, mshono!" Sikumsikia. Nikaingia chumbani, nikaifuata ile harufu kama paka. Ilikuwa kali zaidi juu ya kitanda chako. Nikauweka mgongo wa mkono wangu ukutani. Vuguvugu. Nikapanda juu kidogo. Moto. Palikuwa na kifuniko cha duara ukutani, ukubwa wa kisosi, ambacho hatukujua hata kama kipo, kwa sababu kilikuwa kimepakwa rangi na sisi wenyewe tukapaka nyingine juu yake. Rangi yetu mpya, ile nyeupe niliyoichagua, ilikuwa imegeuka kahawia kukizunguka kifuniko kile. Na pale pembeni ilikuwa inatoa mapovu madogo.

"Zimeni! Zimeni kila kitu!"

Mama akang'oa resho. Mimi nikaenda kwenye sanduku la fyuzi nikashusha swichi kuu. Kisha nikarudi, nikakivuta kitanda chako kutoka ukutani, peke yangu, kitanda kile kizito, kisha nikakaa chini. Mama Devota alikuwa bado amekushika. Alikuwa anakuimbia.

Nilimpigia Mzee Kasimu mwenyewe. Nilitaka baba yako ampigie, halafu nikaona hapana. Nilisema, "Baba Kasimu, ni Sada. Ukuta una moto." Akasema, "Mumezima?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mutoto iko wapi?" Nikasema mikononi. Akasema, "Nakuja." Petroli ilikuwa haipatikani siku hizo, na mabasi hayaonekani. Alikuja kwa miguu kutoka Buyenzi, na begi lake, na alipofika shati lilikuwa limemgandama mgongoni. Baba yako naye alikuwa amefika kutoka kazini, amesimama mlangoni bila rangi usoni.

Mzee hakusema "niliwaambia." Nilikuwa nimejiandaa kwa neno lile, nimelitengenezea hata jibu. Hakulisema. Aliomba kiti, akapanda, akakwangua rangi, akafungua kile kifuniko. Ndani nyaya zilikuwa zimeunganishwa kwa kusokotwa, na mpira wake, alipougusa kwa bisibisi, ulidondoka vipande vipande sakafuni, pale kilipokuwa kitanda chako. Pale penye maungio palikuwa peusi.

"Harufu ya samaki," akasema. "Hii plastiki ya zamani ya kifuniko ikiungua inanuka hivyo. Watu wengi wanasema ni jirani."

Kisha akaenda kwenye sanduku, akachomoa kile kipande cha kauri. Akakigeuza mwangani. Ule waya wangu wa shaba, mara tatu, umekaa imara.

"Nani alifanya hii?"

"Kuna fundi mmoja wa Cibitoke..." akaanza baba yako. Alikuwa ananifichia, Mungu amjalie.

"Ni mimi," nikasema.

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu."

Mzee Kasimu akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akavua kofia, akaipangusa, akairudisha. Aliongea polepole, wala hakupandisha sauti.

"Binti, we unauliza kila mutu. Mimi uliniuliza, sikukasirika. Babako na yeye alikuwa hivyo, alikuwa ananiuliza mpaka nasahau jibu. Ni vizuri. Lakini humu ndani kulikuwa na kitu kimoja, kazi yake ni kukuuliza we. Kila ukichomeka vitu vingi, kinakuambia, una uhakika? Kinajikata chenyewe, kinakufa, ili nyaya zisiungue. Mara tatu kimekuuliza. We ukakifunga mudomo."

Nikalia. Nililia kwa sauti, kama wewe ukinyimwa ziwa.

"Acha kulia," akasema bibi yako kutoka koridoni, "maziwa yataingia chumvi." Na yeye mwenyewe alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Mzee Kasimu akasema nyumba isiwashwe mpaka amalize, na kwamba atahitaji siku nne, na ukuta wa chumba utachimbwa mfereji wa nyaya, vumbi litajaa kote. Hapo nikakumbuka arobaini. Zilibaki siku kumi na nane. Nilimtazama mama yangu, nikajua kutakuwa na vita. Huyu ndiye aliyenikataza hata kuchungulia getini. Nilianza kupanga maneno: kwamba ni dharura, kwamba sheria yenyewe ina nafasi, kwamba...

Nilipogeuka, alikuwa amekwisha kukufunga mgongoni kwa kitenge, na sanduku lake limefungwa.

"Tunakwenda kwangu. Arobaini tutaimalizia Buyenzi."

"Lakini mama, wewe ulisema mzazi hatoki."

"Nilisema. Sasa nasema lingine. Vaa viatu."

Mtoto wa Mama Devota alikuwa na bajaji yenye petroli kidogo, akatupeleka. Njia nzima bibi yako alikuwa amekuwekea mkono juu ya masikio, upepo usikuingie. Mimi nilikuwa namtazama. Maisha yangu yote nilidhani mama yangu ni mtu asiyeuliza, mtu wa "ndivyo ilivyo." Nikamwona amebadilisha mawazo kwa muda wa kufunga fundo la kitenge. Mimi na shahada yangu nilihitaji karibu miezi mitatu na ukuta wa moto.

Siku ya tano Mzee Kasimu alituita. Alitaka nione mwenyewe. Chumbani na koridoni alikuwa ameng'oa nyaya zote na kuweka mpya, tatu tatu, na waya wa ardhini umeshuka kwenye fimbo ya shaba aliyoipigilia uani. Fyuzi za kauri zimeondoka. Mahali pake pana vile vikata-umeme vya kisasa vinavyojishusha vyenyewe, na kimoja kikubwa kinachoshuka hata umeme ukivuja kidogo tu mwilini mwa mtu. Kisha akanipeleka jikoni.

"Hapa nilikosea," akasema. "Siku ile nilisema nyumba yote. Jikoni na sebule, mutu alikwisha badilisha zamani, na amefanya kazi safi. Nimeziacha." Akanitazama chini ya kofia. "Ungeniita tukapima, ungenishinda nusu."

"Ningefurahi," nikasema.

"Ndiyo maana nakuambia. Ningekuona unafurahi mwaka muzima."

Kisha tukapima. Tuliwasha vyote: resho, pasi, friji, taa za kila chumba, simu zote. Tukanywa chai. Halafu akaniambia nitangulie mimi. Nikapita ukuta baada ya ukuta na mgongo wa mkono, chumba chako cha mwisho. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ukuta ulikuwa baridi. Mzee Kasimu alinisubiri mlangoni, hakunihimiza.

Basi, mwanangu, hili ndilo ninalotaka ulibebe.

Utakaponunua nyumba, usiulize tu imesimama miaka mingapi. Uliza nani aliishi humo na alichomeka nini, kisha uhesabu wewe utachomeka nini, pamoja na wageni wako, na watoto, na ile alasiri umeme unaporudi watu wote wakakimbilia kuwasha. Nyumba iliyomtosha mwalimu na redio yake haijasema chochote kuhusu wewe. Tafuta waya wa tatu. Washa vyote, subiri, pita ukutani na mkono, tumia na pua. Harufu usiyoijua usimpe jirani kabla hujamgongea mlango. Fundi akikuambia badilisha yote, usimwamini kwa ajili ya mvi zake wala usimkatae kwa ajili ya mafundi wengine uliowaona. Mwambie apime mbele yako. Mwenye haki atafurahi, na pengine utaokoa nusu ya nyumba. Rangi na geti vitasubiri. Na kifaa kikijikata, kishukuru, ukitafute kilichokisumbua. Usikitilie waya mnene, hata siku moja.

Uliza, mwanangu. Sitakuja kukukataza kuuliza, nani atanisadiki nikikukataza? Umeanza na miaka yako mitatu, kwa nini hivi, kwa nini vile, na baba yako ananitazama kama mimi ndiye niliyekutuma. Lakini kila siku acha swali moja likurudie wewe mwenyewe. Chagua jambo unaloliona liko wazi kabisa, lile unalolicheka, uliguse upya. Na awepo nyumbani kwako mtu, hata mmoja, anayeruhusiwa kukuambia "una uhakika?" bila kuogopa sura yako. Akikuambia mara ya pili, kaa chini. Usisubiri ya tatu.

Mwenyezi Mungu akupe nyumba yenye kuta baridi na watu wenye joto. Akupe majirani wa kukuletea uji na kukuambia ukweli bila kujua wamekuambia. Akupe fundi anayeweza kusema nilikosea, na akupe moyo wa kulisema neno hilo kabla yake. Watoto wako walale, waamke, wakuulize maswali mpaka uchoke, na uchovu huo uwe ndio mzigo wako mzito kuliko yote. Amina, mwanangu. Amina.